Albamu ya kuaga? Mimi sinunui

Kuna aina ya mgeni sote tunamfahamu. Anasema "haya jamani, mimi naondoka", anasimama, anashika kitasa cha mlango, halafu anaanza hadithi mpya. Ukija kushtuka, amekula na chakula cha usiku. Bendi kubwa za roki zina tabia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba zenyewe zinakutoza kiingilio kila zinaposhika kitasa.

Mwaka 2010 Scorpions wa Ujerumani walitangaza kuwa wanastaafu. Wakatoa albamu ya Sting in the Tail, wakasema ndiyo ya mwisho, wakaanza ziara ya kuaga mashabiki dunia nzima. Mashabiki wakalia, wakanunua tiketi. Mwaka 2015 ikatoka albamu nyingine. Mwaka 2022 ikatoka nyingine tena. Mötley Crüe wa Marekani walienda mbali zaidi: Januari 2014 waliitisha waandishi wa habari na kusaini mkataba wa kisheria kwamba baada ya 2015 hawatazunguka tena na maonyesho. Mwaka 2019 wakatangaza wanarudi, na katika video ya tangazo hilo mkataba wenyewe unalipuliwa. Slayer nao waliaga Novemba 2019, na 2024 wakawa jukwaani tena. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, sawa, lakini huyu mwenzetu anauza tiketi kwenda na kurudi!

Ndiyo maana nikisikia maneno "albamu ya kuaga" mkono wangu unaenda mfukoni kuishika pochi isitoke. Ila kuna kona moja ya muziki ambako bado naamini kwaheri, na inawezekana msomaji wangu ukacheka ukisikia ni ipi. Ni graindikoo.

Kwa wasioijua: ni mtoto wa panki na metali, aliyezaliwa Uingereza miaka ya 1980. Dramu zinakimbia kuliko masikio, gitaa linasaga, na mwimbaji hunguruma mpaka maneno hayashikiki. Albamu ya Scum ya Napalm Death wa Birmingham, ya 1987, ina wimbo wa sekunde moja na nukta kidogo, na umeingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Rafiki zangu wananiambia hizo ni kelele tu. Sibishani nao. Nawaambia kitu kimoja: muziki unaoweza kuanza na kuisha kabla hujapiga chafya unajua jambo ambalo Scorpions hawalijui. Unajua kumaliza.

Halafu hakuna pesa. Hili ni muhimu kuliko kasi. Bendi ya graindikoo husafiri na gari la kukodi na kuuza fulana ili kupata mafuta ya kufika mji unaofuata. Wengi wana kazi nyingine Jumatatu hadi Ijumaa. Mtu wa namna hiyo akisema "naacha", hana soko la kuuzia machozi yako. Anaacha kwa sababu amechoka, au ana mtoto, au mgongo unauma.

Ukitaka kuwaona watu hawa wamekusanyika, nenda Jamhuri ya Czech, mji wa Trutnov, kaskazini karibu na mpaka wa Poland. Kila Julai hufanyika huko tamasha la Obscene Extreme, lililoanza 1999. Chakula kinachouzwa hakina nyama, na mashabiki hupanda jukwaani na kujirusha juu ya wenzao siku nzima. Wacheki wenyewe wana bendi nyingi za aina hii: Malignant Tumour wa Ostrava, Spasm, na Gutalax, ambao mashabiki wao huja na ovaroli nyeupe wakipepea brashi za choo. Ndiyo, brashi za choo. Utani wao ni wa chooni, lakini wanaupiga kwa nidhamu ya jeshi.

Nimeutaja Trutnov kwa makusudi. Nje kidogo ya mji huo, sehemu inayoitwa Hrádeček, Václav Havel alikuwa na nyumba ya shamba. Mwaka 1974, akiwa mwandishi aliyepigwa marufuku, alifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Trutnov. Na hapo shambani kwake, miaka ya 1970, bendi ya Plastic People of the Universe ilipiga na kurekodi kwa siri. Hao hawakupiga graindikoo, lakini wanatufundisha aina ya pili ya kwaheri: ile ya kulazimishwa. Mwaka 1970 serikali ya kikomunisti iliwanyang'anya kibali cha kufanya muziki kama kazi. Mwaka 1976 watu wanne wa kundi lao walifungwa, na kesi hiyo ndiyo iliyowakusanya watu walioandika Mkataba wa 77, waraka wa haki za binadamu uliotoka Januari 1977. Dola iliwaambia "agani", wao wakakataa, wakaenda kupiga mashambani. Bendi iliyoambiwa iage ikakataa naiheshimu sana. Ni jambo jingine kabisa na kuaga kwa hiari halafu kukataa kuondoka.

Kwaheri ya tatu inaletwa na kifo. Nasum wa Örebro, Sweden, walitoa albamu ya Shift mwaka 2004. Ni kazi ya watu walio katikati ya safari, wana nguvu na hasira zote. Tarehe 26 Desemba mwaka huo huo, mwimbaji na mpiga gitaa wao, Mieszko Talarczyk, alikuwa Thailand. Alichukuliwa na tsunami, ile ile iliyovuka bahari nzima hadi ikaua watu Somalia na hata pwani ya Tanzania. Alikuwa na umri wa miaka 30. Wenzake walifunga bendi. Mwaka 2012, bendi ilipotimiza miaka 20 tangu ianzishwe, walizunguka kuaga wakiwa na Keijo Niinimaa wa Rotten Sound ya Finland kwenye kipaza sauti. Angalia walichokataa kufanya: hawakurekodi albamu mpya ya kuaga. Albamu ya mwisho ikabaki ile aliyoimba marehemu. Nikiisikiliza leo hainiombi machozi popote, na pengine ndiyo sababu inanipa machozi.

Sasa nije kwa wanaonishawishi kuliko wote. Brutal Truth wa New York walianzishwa 1990 na mpiga besi Dan Lilker, mtu aliyewahi kuwa mmoja wa waanzilishi wa Anthrax. Walivunjika mwishoni mwa miaka ya 1990, wakarudi 2006. Najua, najua, utasema nao ni wale wale. Subiri kidogo. Safari ya kwanza hawakuuza kwaheri yoyote. Waliachana kama bendi nyingi zinavyoachana, kwa uchovu. Waliporudi walitoa albamu mbili, ya mwisho ikiwa End Time ya 2011. Jina linamaanisha nyakati za mwisho, lakini hawakuitangaza kama albamu ya kuaga. Haina hotuba, wala haina wimbo wa kukumbatiana. Ni vipande vifupi vya ghadhabu, na ndani yake wamepachika dakika zipatazo 15 za kelele tupu. Waliipiga kama watu wenye kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Kisha, mwanzoni mwa 2014, likaja tangazo fupi: tarehe 18 Oktoba 2014 Lilker anatimiza miaka 50, siku hiyo anastaafu kuwa mwanamuziki wa muda wote, na Brutal Truth inaisha. Basi. Tarehe moja kwenye kalenda. Hakuahidi kutoshika besi tena maisha yake yote. Alisema kile tu alichoweza kukitimiza.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Albamu ya kuaga ya kweli, mara nyingi, haijui kwamba inaaga. Msanii anapoingia studio akijua "hii ndiyo ya mwisho", anaanza kujitengenezea sanamu. Anapunguza kasi, anaita marafiki mashuhuri, anatazama nyuma. Unapata albamu ya kumbukumbu ya mtu aliye hai.

Nasikia pingamizi. La kwanza, shabiki ana haki ya kuaga. Miaka 25 umeifuata bendi, unataka walau kupunga mkono. Nakubali, na ndiyo maana sigombani na ziara ya Nasum. Waage jukwaani, uso kwa uso. La pili lina uzito zaidi: msanii naye anakula. Hana pensheni, mauzo ya albamu yamekufa, na neno "mwisho" huuza tiketi. Hapa sina jeuri. Mzee wa miaka 65 akinihitaji ninunue tiketi ili alipe hospitali, nitanunua. Lakini aniambie hivyo. Akisema "tumerudi kwa sababu tunahitaji pesa", nitamheshimu kuliko anayelipua mkataba kwenye video huku anacheka, wakati mimi niliyelia 2015 nimekaa na kijitiketi changu.

Tena deni lingine ni letu. Bendi ndogo haifi siku inapotangaza. Imekuwa ikifa kidogo kidogo kila mwaka ambao sisi tulisema "nitawaona mwakani". Jirani zetu wa Nairobi, Duma, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, graindikoo iliyochanganywa na mashine, na magazeti ya Ulaya yaliiandika kabla ya wengi wetu kuisikia. Mwimbaji wao, Lord Spikeheart, mwaka 2024 alitoa ya kwake peke yake, The Adept. Wasanii wa namna hiyo wapo, wapo karibu, na hawajamuaga mtu.

Nenda kawanunulie sasa. Ukiwapa haki yao wakiwa bado wanapiga, siku wakinyamaza hutahitaji kuuziwa kwaheri.