Leseni Haimponyi Mgonjwa

Iko imani iliyoenea Marekani, na iliyovikwa heshima ya sheria, ya kwamba mjane aliyezidiwa na huzuni, au kijana aliyetekwa na ulevi, yu salama mikononi mwa mshauri mwenye leseni na yu hatarini mikononi mwa asiyekuwa nayo. California ilianza kuwasajili wafanyakazi wa ustawi wa jamii mwaka 1945, Virginia ikatangulia kutoa leseni kwa washauri mwaka 1976, na leo hapana jimbo lisilofuata nyayo hizo. Nia ya sheria hizo ni njema. Dhana ya kwamba zinatimiza zinachosifiwa ndiyo ninayoipinga.

Na tulitazame lango lenyewe. Katika California, anayetaka kuwatibu watu nafsi zao kwa cheo cha mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa daraja la tiba sharti awe na shahada ya uzamili, atumike saa 3,000 chini ya msimamizi, kisha afaulu mtihani. Katika saa zile mna hekima, kwa kuwa msimamizi humsikia mwanafunzi akisema na mtu aliyefikwa na masaibu, akamrudi anapokosea. Mtihani ni jambo jingine: maswali 170 kwa saa 4, majibu yamekwisha kuandikwa, na kazi ya mtahiniwa ni kuchagua. Ustahimilivu wa kumsikiliza aliaye haupimwi hivyo.

Mwaka 2022 umoja wa bodi za leseni wenye mtihani huo ulitangaza hesabu zake wenyewe. Katika daraja la tiba, kati ya mwaka 2018 na 2021, watahiniwa Wazungu waliofaulu mara ya kwanza walikuwa kama 84 katika kila 100. Weusi walikuwa 45. Basi watetezi wa mtihani ama waseme kwamba zaidi ya nusu ya Weusi hao, waliohitimu shahada ile ile, ni hatari kwa umma, neno wasilolitolea ithibati, ama wakiri kwamba mtihani wapima kitu kisichokuwa uwezo wa kutibu. Illinois imekwisha kuuondoa, tangu 1 Januari 2022, katika leseni yake iliyo chini ya daraja la tiba.

Kwa upande wa pili, tutazame Harare. Huko, tangu mwaka 2006, tabibu Dixon Chibanda amewafundisha wanawake wa mitaani, aghalabu watu wazima wenye wajukuu, kuketi na wagonjwa katika mabenchi ya zahanati na kuwasaidia kuyatatua matatizo yao moja baada ya moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, juu ya wagonjwa 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 katika kila 100 miongoni mwa walioketi na wanawake hao, na kama 50 miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao hawakuwa na leseni. Walikuwa na mafunzo mafupi, njia iliyo wazi, na wasimamizi wasiowaacha peke yao.

Nitaulizwa: je, tuwafungulie milango matapeli? Hasha. Jina la kazi na lilindwe, bodi isikilize mashtaka, na mwenye kudhulumu afukuzwe. Lakini ajabu ya mpango wa sasa ni kwamba leseni ya daraja la tiba ndiyo inayoukomesha usimamizi: aliyeipata hujifungia chumbani na mteja wake miaka thelathini, asisikiwe na mtu, mradi alipe ada na kuhudhuria masomo machache ya nyongeza. Wanaotaka kweli kuulinda umma na wapunguze ukali wao mlangoni, wauhamishie chumbani, ili kila mshauri, awe mpya au mkongwe, awe na mtu wa kumtolea hesabu ya kazi yake hadi siku atakapoiacha.