Mkuki kwa Nguruwe

Katika baraza za Mji wa Kale na hapa Feri husikika swali hili: yanini kumtetea mpinzani tusiyekubaliana naye? Jibu limo katika maisha ya jirani yetu wa Unguja, marehemu Abdulrahman Mohamed Babu.

Babu alizaliwa mwaka 1924, akawa mfuasi wa Marx asiyejificha. Mwaka 1963 alijitoa chama cha Hizbu, akaasisi Umma. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 alipewa uwaziri, kwanza Zanzibar, kisha katika serikali ya Muungano. Lakini mwaka huo huo Umma ulivunjwa ukamezwa na Afro-Shirazi, nacho kikabaki chama pekee Visiwani. Babu akabaki madarakani, huku sheria ya Tanganyika ya mwaka 1962 ikiruhusu raia kuwekwa kizuizini bila ya kesi.

Rais Karume alipouawa Aprili 1972, kizuizi kilimgeukia Babu mwenyewe. Alifungiwa Bara miaka 6. Mwaka 1974 mahakama ya Zanzibar ilimhukumu kifo ilhali hayupo, katika kesi ambayo washtakiwa hawakuwa na mawakili. Mwalimu Nyerere alikataa kumpeleka Unguja, na mwaka 1978 akamwachilia. Kwa hiyo roho ya Babu iliokolewa na hiari ya mtu mmoja, wala si na sheria. Alifia London mwaka 1996, baada ya kuunga mkono mageuzi ya vyama vingi.

Sisi Wakenya tusijione bora. Mwaka 1982 tuliandikiwa chama kimoja katika Katiba. Kifungu hicho hakikufutwa mpaka Desemba 1991. Leo Katiba ya 2010, Ibara ya 49, yaamuru mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ibara ya 50 yampa haki ya kuwepo kesini na kuwa na wakili. Hata hivyo, baada ya maandamano ya Juni 2024, vijana walinyakuliwa na watu wasiojitambulisha, na wako wenzetu waliosema, "Hao si wetu."

Hapo ndipo penye hatari. Haki tuliyomnyima hasimu haitatungoja siku yetu ikifika. Wanamageuzi, kila akamatwaye, awe wa chama chetu au cha wapinzani wetu, tuulize: yuko wapi, na atafikishwa mahakamani lini? Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.