Kabla ya kubishania gurudumu, tudai uwanja

Ukitaka kuanzisha kelele kwenye matatu ya Kitengela, taja Luna Park. Waliopelekwa Uhuru Park Krismasi wakiwa watoto watakuapia kuwa hakuna raha iliyoshinda lile gurudumu kubwa: linakuinua polepole, Nairobi yote inakuwa yako, halafu ukianza kushuka tumbo linabaki juu. Wadogo wao watawacheka. "Vyuma vya enzi za babu? Afadhali bauncing kaseli!"

Mimi naona kila upande una hoja. Utamu wa utotoni hausahauliki, lakini chuma nacho huzeeka. Bustani ilipofungwa 2021 ili ikarabatiwe, wengi walililia gurudumu. Hebu jiulize, msomaji: tulipoteza gurudumu tu?

Uhuru Park ilifunguliwa 1969, na kuingia kulikuwa bure. Aliyekosa pesa ya gurudumu aliketi nyasini, akatazama wenzake wakipiga mayowe, akarudi nyumbani ameshiba raha. Huku kwetu mchezo umehamia ndani ya ua wa mkahawa. Mtoto analipiwa kwa dakika, na usipoagiza chipsi unaangaliwa vibaya.

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 Kitengela. Ardhi nayo inaendelea kukatwa ploti za hamsini kwa mia. Kwa hivyo acha kwanza ubishi wa gurudumu na kaseli. Ukikutana na MCA wako, mwulize: uwanja wa watoto uko ploti gani?