Aliyekiacha Kiti Asikigombee Tena

Uchaguzi mdogo, yaani upigaji kura wa kujaza kiti cha mbunge kilichobaki wazi katikati ya muhula, una heshima yake pale mbunge anapofariki au mahakama inapotengua ushindi wake, lakini heshima hiyo hupotea mbunge anapojiuzulu kwa hiari kisha akarudi kuchukua fomu ya kukigombea kiti kilekile. Safu hii imekwisha kulisema hilo na italisema tena, kwa sababu yaliyotendeka Tanzania, katika majimbo ya Kinondoni na Siha, tarehe 17 Februari 2018 hayastahili kusahauliwa.

Maulid Mtulia alichaguliwa Kinondoni mwaka 2015 kwa tiketi ya CUF baada ya kumshinda Iddi Azzan wa CCM, na Godwin Mollel aliingia bungeni kutoka Siha kwa tiketi ya CHADEMA. Desemba 2017 wote wawili walijivua ubunge, wakahamia CCM kwa maelezo kwamba wanaunga mkono juhudi za Rais John Magufuli, nacho chama hicho kikawasimamisha katika majimbo yaleyale, wakashinda. Mkazi wa Kinondoni aliyepanga foleni mwaka 2015 ili kuiondoa CCM aliitwa tena kituoni, akakuta kwenye karatasi ya kura jina lilelile alilolichagua, sasa likiwa chini ya chama alichokuwa amekikataa.

Watetezi hukimbilia Ibara ya 71 ya Katiba, inayomvua ubunge kila anayeacha uanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kana kwamba ibara hiyo ilimlazimisha mtu kuhama. Nchini Uingereza, mbunge David Davis alijiuzulu mwaka 2008 na kugombea tena, ila alibaki katika chama chake na aliwapelekea wapiga kura hoja moja, ya kupinga watuhumiwa wa ugaidi kushikiliwa siku 42 bila mashtaka. Kinondoni haikupewa hoja yoyote ya uzito huo.

Ilipewa msiba. Wakala wa chama, yaani mtu anayekaa ndani ya kituo kushuhudia kura zikihesabiwa na kutia saini fomu ya matokeo, huishia mlangoni asipokuwa na barua ya utambulisho. Tarehe 16 Februari wafuasi wa CHADEMA waliandamana kudai barua hizo, polisi wakafyatua risasi kuwatawanya, na mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, aliyekuwa amekaa ndani ya daladala na asiyehusika kabisa na maandamano, akauawa. Kesho yake vituo vilifunguliwa kama kawaida, kwa uchaguzi ambao hakuna mwananchi aliyeuomba.

Miezi michache baadaye mbunge Mwita Waitara alipita njia hiyohiyo katika jimbo la Ukonga, akashinda Septemba, na Novemba akawa naibu waziri. Bunge liweke katika sheria kwamba anayejiuzulu kwa hiari hatakigombea kiti alichokiacha hadi uchaguzi mkuu unaofuata, na mbunge atakayeipinga sheria hiyo akaeleze sababu zake jimboni kwake, mbele ya waliomtuma, kabla hajazieleza Dodoma.