Jiji la tarakimu
Haya jamani, tuongee ukweli. Sheria ya miji ya 2011 ilidai jiji liwe na wakazi 500,000. Sensa ya 2019 ikaikuta Eldoret na 475,716. Mwaka uo huo sheria ilirekebishwa, kiwango kikashuka hadi 250,000, na Agosti 2024 Eldoret ikakabidhiwa hati ya jiji. Mimi huandika programu. Mtu akishusha alama ya kupita ili programu yake mbovu ifaulu majaribio, sisi humwita mlaghai! Bomba la majitaka halisomi hati. Kabla ya kuidhinisha ghorofa nyingine, wekeni kwenye intaneti ramani ya mabomba na idadi ya nyumba ambazo kila bomba linahimili. Hata kompyuta kuukuu inaiweza hesabu hiyo. Ama mnaogopa jibu?