Daraja la Tatu Halina Orodha

Waandishi wenzangu, nina ugomvi na ninyi, na nausema mapema asije mtu akadai nimemsengenya.

Kila tukikutana vijana wa hapa Mwanza kusomeana kazi zetu, haipiti saa bila kutokea hadithi ya gaidi. Na gaidi huyo anajengwa kwelikweli! Ana macho makali, ana utoto wa taabu, ana mchumba Unguja, ana gari lenye vioo vyeusi. Tunajua hata anavuta sigara gani. Halafu bomu linalipuka, na waliokufa wanapewa sentensi moja: "Watu kadhaa walipoteza maisha." Basi, tunaendelea na yule bwana na gari lake. Kadhaa! Jamani, hata dagaa wa Mwaloni pale Kirumba hupimwa kabla ya kupakiwa.

Nasema hivi: mwandishi anayeandika namna hiyo, apende asipende, anamfanyia gaidi kazi yake.

Tuanzie na ziwa letu wenyewe. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikija Mwanza. Halikuwa bomu. Ulikuwa uzembe: chombo cha abiria 430 kilipakiwa kupita kiasi. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha yao. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo hesabu ya waliokufa ni makadirio, zaidi ya watu 800, na Igoma kuna makaburi ambayo hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika kalala nani.

Sasa, kati ya waliozama alikuwamo mtu mmoja anayejulikana dunia nzima: Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri, kamanda wa kijeshi wa Al-Qaeda. Wenzake hawakuamini kwamba kafa. Walitumwa watu mpaka huku ziwani kuhakikisha, na mmoja wao alikuwa Fazul Abdullah Mohammed, yule Mkomoro aliyekuja kusakwa kwa milipuko ya 1998. Hebu fikiri. Mji mzima uko matangani, maiti zinatolewa majini, na hawa wanapita wakiulizia mtu mmoja tu. Leo wanaoandika historia ya Al-Qaeda huitaja MV Bukoba kwa sababu ya huyo mmoja. Mama aliyepanda na mikungu yake ya ndizi akiipeleka sokoni hayumo. Yeye alikuwa daraja la tatu.

Hapo ndipo penye siri ya ugaidi, ndugu msomaji. Jambazi anataka mali yako. Akishaipata huenda akakuachia roho. Mwenye kisasi anakujua, anajua ulimkosea nini. Gaidi hakujui na hataki kukujua. Hana haja hata ya kukuchukia. Anachotaka ni maiti yako iwe barua ya kumpelekea mtu mwingine aliye mbali. Wewe ni karatasi, na karatasi haiulizwi inaandikwa nini.

Agosti 7, 1998, barua ilikuwa ya kwenda Washington. Ikaandikwa Dar es Salaam na Nairobi. Dar walikufa watu 11, na hakuna hata Mmarekani mmoja kati yao. Lori la bomu lilipofika langoni mwa ubalozi lilikuta boza la maji limetangulia, likashindwa kupita. Boza ndilo lililopokea kishindo. Watu waliokuwa nalo walikuwa kazini. Walipeleka maji, wakafa. Nairobi walikufa 213, wengi mno wakiwa Wakenya, na majeruhi walikuwa maelfu. Kulisikika mlipuko mdogo kwanza, watu maofisini wakasogea madirishani kuchungulia kuna nini. Kisha likaja bomu lenyewe na vioo vikawaingia machoni. Jamani, kosa lao lilikuwa kuchungulia dirishani! Nani kati yetu hajawahi kuchungulia dirishani?

Na msidhani ukaratasi huo uliisha siku ile ya mlipuko. Mwaka 2010, Ahmed Khalfan Ghailani, Mtanzania kutoka Zanzibar, alisimama kizimbani mjini New York. Mashtaka yalizidi 280, yakiwamo ya mauaji ya watu wote 224. Baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa shtaka moja tu: kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani. Alifungwa maisha, sawa. Lakini kwenye karatasi za hukumu ile kilichopata haki yake ni jengo. Kisha Sudan, iliyowahi kumhifadhi Osama bin Laden, ikakubali kulipa dola milioni 335. Mtumishi wa ubalozi aliyeuawa akiwa raia wa Marekani alipangiwa dola milioni 10. Mtumishi asiye raia, dola 800,000. Bomu lile lile, asubuhi ile ile. Na yule aliyekuwa anapita zake barabarani, ambaye hakuwa mtumishi wa ubalozi? Daraja la tatu, bwana.

Najua kuna mzee atanitupia methali: fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Tunaipenda sana methali hii, tunaitoa kila penye msiba kama leso. Mimi naikataa. Nyasi hukanyagwa kwa bahati mbaya, fahali haoni anapokanyaga. Gaidi anaona. Amepima barabara, amejua saa ambayo watu ni wengi, akaichagua saa hiyo. Tena nyasi hazina majina, zikikatwa zinaota. Dereva wa boza haoti.

Kuna na wale wa kijiweni wanaosema ugaidi ni mambo ya dini fulani, wanatazamana wao kwa wao na kukonyezana. Hao nawakumbusha Mei 2016, hapa hapa Mwanza, Ibanda huko Mkolani. Watu waliingia msikitini usiku wakawaua watu watatu kwa kuwakatakata. Waliouawa walikuwa Waislamu waliokwenda kumwabudu Mungu wao. Sasa niambie, konyezo lako linamhusu nani hapo: mwenye panga au aliyekuwa kwenye mkeka?

Wengine watanijia kwa mlango mwingine: "Na Marekani je? Mbona yeye anaua na haitwi gaidi?" Swali hilo ni halali na silikimbii. Agosti 20, 1998, siku 13 tu baada ya Nairobi na Dar, Marekani ilirusha makombora, mengine yakakiteketeza kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum. Ilidaiwa kwamba kinahusika na silaha za kemikali. Dai hilo halijathibitishwa. Dawa ziliungua. Jibu la barua nalo likaandikwa juu ya karatasi za watu wengine. Lakini tazama unafanya nini ukilitumia hilo kumtetea mlipuaji. Unachukua wagonjwa wa Khartoum unawafanya hoja ya kuwazima marehemu wa Nairobi. Nawe unaandika barua juu ya maiti. Tofauti yako na wale ni kwamba kalamu haitoi moshi.

Na neno lenyewe linaibwa. Tuna Sheria ya Kuzuia Ugaidi tangu 2002. Julai 2021, Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, alikamatwa usiku hapa Mwanza, alikokuja kwa kongamano la Katiba Mpya. Akashtakiwa kwa mambo ya ugaidi. Machi 4, 2022, mashtaka yakafutwa. Huhitaji kuwa mwanachama wa chama chochote kuona hasara. Neno likitumika kila mahali linachakaa kama noti iliyopita mikono ya makonda wote wa Buzuruga. Siku ukilihitaji kwa ajili ya wale watatu wa Ibanda, nani atakusikiliza? Anayelichezea neno "ugaidi" anawaibia waliouawa kitu cha mwisho walichobakiwa nacho: ushahidi wa walichofanyiwa.

Sasa nirudi kwetu. Mtasema, "Msanii ana uhuru, na gaidi ni mhusika mzuri, ana utata." Sawa. Uhuru ninao pia, nautumia kukwambia kwamba dereva wa boza ana utata kumzidi. Yule mlipuaji siku ile alikuwa na wazo moja kichwani. Dereva alikuwa na matairi, na mafuta, na ada za shule, na labda alitoka nyumbani wamenuniana na mkewe wakaahidiana wataongea jioni. Nionyeshe hadithi nzito kuliko hiyo jioni ambayo haikufika.

Sisemi utaje majina ya watu halisi. Misiba ina wenyewe, waheshimu. Wala sisemi usimwandike gaidi kabisa. Nasema asiwe yeye peke yake mwenye mama. Kabla hujalipua chochote kwenye karatasi yako, jua kila aliyesimama pale alikuwa anakwenda wapi, amebeba nini mkononi, nani anamsubiri na sufuria jikoni. Ukishindwa kuwajua, basi usilipue. Huna haki hiyo.

Na mhariri akikwambia hadithi imekuwa ndefu, mwambie meli ilijaa. Kama lazima apunguze, aanze na gari lenye vioo vyeusi.