Pikipiki ya Lami katika Udongo wa Karatu

Ndugu msomaji, mwezi uliopita nilipokea barua kutoka kwa dada mmoja mfanyakazi wa kiwandani mjini Arusha. Mdogo wake wa kiume, aliyebaki nyumbani upande wa Mbulumbulu wilayani Karatu, anataka anunuliwe pikipiki. Dada huyu ameweka akiba kwa miaka mitatu katika chama chao cha akiba na mikopo, na fedha hiyo aliikusudia kuiezeka nyumba ya wazazi. Anauliza: amnunulie kijana pikipiki kama zile zijaazo mjini, au amtafutie ile ndefu ya mashambani, yenye tairi za meno, ambayo kijana ameiona kwenye picha na tangu hapo hana usingizi?

Sikutaka kumjibu nikiwa nimekaa mezani. Nilikwenda Karatu, nikashinda siku mbili chini ya mti mmoja wenye mafundi watatu, ngoma moja ya oili chafu na pikipiki zisizohesabika. Niliyojifunza ninayaandika hapa, maana najua dada huyu si peke yake. Ni wangapi miongoni mwetu tulio mjini ambao hatujaletewa ombi la namna hiyo kutoka nyumbani?

Tuanze na hiyo ndefu, kwa kuwa ndiyo yenye historia. Mwaka 1968 kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa pikipiki iliyoitwa DT-1, ya ukubwa wa sentimita za ujazo 250, ambayo mtu aliweza kuipeleka kazini kwa lami siku za kazi na kuipeleka porini siku ya mapumziko. Honda nao wakaja na XL 250 mwaka 1972. Kutoka katika koo hizo mbili zilizaliwa zile ndogo ambazo wenye umri wa makamo watazikumbuka: DT na XL za 125, zilizokuwa zikiendeshwa na bwana shamba, bwana mifugo na mganga wa zahanati. Siri yake haikuwa injini. Gurudumu la mbele lilikuwa kubwa, likipita juu ya shimo badala ya kutumbukia. Tumbo liliinuliwa sentimita 24 au zaidi kutoka ardhini, na shokapu zilikuwa na nafasi ndefu ya kubonyea, sentimita 18 hata 25. Madigadi ya mbele ilipandishwa juu, mbali na tairi.

Hiyo madigadi, ndugu msomaji, usiidharau. Anayeujua udongo mwekundu wa Karatu wakati wa masika ataelewa. Tope lile haliteleziki tu, linanata. Likiingia kati ya tairi na madigadi ya chini, hujishindilia kama tofali, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka na pikipiki inabaki kuburutwa. Mafundi waliniambia kuwa ifikapo Machi wateja wao hufuatana kuja kuivua madigadi ya mbele au kuipandisha kwa vipande vya chuma. Wamefika wenyewe, kwa njia ya tope, pale pale walipofika wahandisi wa Japani zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Ilikuwapo pia Yamaha AG 100, iliyobuniwa kwa ajili ya wakulima na wachungaji wa Australia na New Zealand. Haikuwa na sura ya kuvutia hata kidogo. Lakini cheni yake ilifunikwa yote ndani ya sanduku lake, vumbi lisiifikie. Ilikuwa na stendi kila upande, ili usimame popote mlima ulipolalia, na keria mbele na nyuma. Mimi nasema hakuna pikipiki iliyowahi kubuniwa kwa akili zaidi kwa mtu wa shamba, na wala siioni ikiimbwa popote.

Tangu hapo ubunifu umekwenda wapi? Mashindano ya jangwani kutoka Paris hadi Dakar yalianza Desemba 1978, na mshindi wa kwanza wa pikipiki, Mfaransa Cyril Neveu, alipanda Yamaha XT 500. Wenye fedha huko Ulaya na Marekani walipenda sura ile, na pikipiki za safari zikaanza kunenepa. Ile BMW R 1300 GS ya mwaka 2023 ina uzito wa kilo 237. Mara kwa mara watalii hupita nazo Karatu juu ya lami ya Makuyuni, iliyofika lango la Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zinapendeza kuzitazama. Ikiangukia tope la Mbulumbulu, itabidi waitwe majirani.

Kuna uvumbuzi mmoja mpya, hata hivyo, ambao unatuhusu hasa, nao ni wa kupeleka mafuta ndani ya injini. Fikiri kijana anayetoka na vitunguu Mang'ola, bonde la Ziwa Eyasi, penye kimo cha meta elfu moja na ushei. Anapanda Karatu, penye meta 1,500 hivi. Kisha siku nyingine anapelekwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kwenye meta 2,300 na baridi yake. Hewa hupungua kadiri anavyopanda, na injini hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila meta 1,000. Kabureta halijui hayo. Linaendelea kumimina petroli ile ile, plagi inakuwa nyeusi, na pikipiki inakohoa mlimani kama mzee wa kiko. Mfumo mpya wa kupuliza mafuta hupima hewa na kujirekebisha wenyewe. Ila fundi wa chini ya mti hawezi kuufungua kwa bisibisi, na hapo ndipo wateja wanaposita. Pikipiki za umeme, kama zile zinazotengenezwa Nairobi na kampuni ya Roam, hazihitaji hewa kabisa, na mota yake huvuta kwa nguvu tangu inapoanza kuzunguka. Lakini mtu wa kijiji kisicho na mahali pa kuchaji atavutwa na nini?

Sasa tuje kwenye ile ya mjini. Zile za India na China zimeijaza Karatu, hasa tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni kwa pikipiki za abiria. Zilibuniwa kwa barabara nzuri: tumbo lipo sentimita 16 hadi 18 tu juu ya ardhi, na magurudumu yake ni madogo. Nilimwuliza fundi mkubwa kwa nini basi watu hawatafuti zile ndefu. Alicheka, akaniita nipande moja iliyoletwa kutengenezwa. Kiti chake kilinifika kiunoni. Akaniuliza, "Mama mjamzito atapandaje hapo? Na bibi mwenye khanga?" Sikuwa na jibu. Ile fupi ina kiti kirefu, cha chini, na vipuri vyake vinauzwa dukani mtaa wa pili. Ile ndefu inauzwa kwa bei ya mara kadhaa, na kipuri chake husubiriwa.

Kwa hiyo mafundi hawa huichukua ya lami na kuifanya ya mlima. Hutoa jino moja katika sproketi ya mbele, jambo ambalo ni sawa na kuongeza kama matatu nyuma: mwendo wa kasi hupungua, mlima hupandwa. Huweka tairi za meno. Huchomelea keria na vyuma vya kulinda injini. Ni kazi ya kusifiwa.

Lakini lipo moja lililonitia hofu. Baadhi yao huondoa shokapu za nyuma na kufunga ndefu zaidi, au huzidisha springi, ili mizigo isilalie tairi. Nyuma ikiinuka peke yake, mbele huinama; usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Kwenye mteremko wa kushuka Mang'ola, mwenye gunia mgongoni mwa pikipiki na changarawe chini ya tairi, usukani huo hutikisika ghafla, na mtu hana wakati wa kuuliza. Vivyo hivyo moto wa kuchomelea ukigusa fremu penye mvutano, chuma hudhoofika, nacho hakikatiki siku ile ile. Fundi mdogo, alipoona ninaandika, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mwaka uliotangulia alimzika rafiki yake. Hakuniambia zaidi, nami sikumchokoza.

Basi, dada yangu wa Arusha, jibu langu ni hili. Kama mdogo wako angekuwa anatembea peke yake kukagua mifugo, ningekwambia utafute ile ndefu na usahau bati. Lakini umeandika kwamba atawabeba wazazi kuwapeleka hospitali, na atafanya biashara ya abiria siku za mnada. Mnunulie ya kawaida. Afunge tairi za meno, atoe jino moja mbele, apandishe madigadi kabla ya masika. Shokapu asiziguse. Keria ifungwe kwa nati, isichomelewe kwenye fremu. Nunua kofia ngumu mbili siku hiyo hiyo, dukani humo humo, kabla fedha haijapata kazi nyingine. Na umwambie waziwazi kuwa mshikaki wa abiria wawili nyuma hautaki, hata wakiwa jamaa.

Kisha, kabla hujalipa, mwite aje Arusha. Mpakilie nyuma gunia la maharage la kilo 50, umwambie aishike pikipiki ikiwa imesimama, miguu yake yote miwili ikigusa chini. Asipoweza kuisimamisha hapo dukani, kwenye sakafu, mwache arudi kwa basi, nawe uanze na bati.